Gari Lililoitikiwa Amina

Jumanne, 4 Juni 2013

Gari letu lilipotea kwetu Uvira, Kongo, mwezi wa kumi, mwaka 1996. Pikapu nyeupe. Askari walisema wanaazima siku mbili tu. Siku ya tatu mume wangu, baba Riziki, akaenda kuliuliza. Hakurudi, yeye wala gari. Naandika hapa mara moja, nisirudie.

Leo mkanda wa mashine yangu ya kusaga umekatika tena, mara ya pili wiki hii. Watu wamejipanga na mahindi yao juani, wananitazama kana kwamba nimeukata mimi. Nimeushona kwa waya. Umeshika. Kesho mjini Mbarara, kutafuta mwingine.

Jumamosi iliyopita nilitimiza miaka hamsini. Aliyejua ni Riziki peke yake, naye alikumbuka jioni.

Jumatano, 5 Juni

Mkanda nimepata. Nimeona na gari. Sikwenda kutafuta gari.

Liko Kakiika, pembeni mwa Mbarara, kwa Mama Kato, mke wa afande mmoja wa kambi ya jeshi. Ananunua unga kwangu miaka mingi. Gari la spoti, milango miwili, kijani cha chupa, limelala chini kama paka anayevizia. Mume amehamishiwa mbali, na watoto wao wanne hawaenei humo. Nililizunguka mara tatu. Mama Kato akacheka. "Nyabo, mama, hii gari hapana ya kubeba matoke. Hii ni ya kukimbia tu." Nikamwambia mimi nimekimbia tangu tisini na sita, kwa miguu. Sasa nataka kukimbia nimeketi. Tukacheka hadi majirani wakachungulia.

Njia yote ya kurudi nilijitukana.

Jumamosi, 15 Juni

Nimelinunua. Bei ya mashine mbili za kusaga. Kwa hesabu, ni ujinga. Hesabu nimeifanya, na jibu nimeliona, na bado nimelinunua.

Afande alikuja likizo, akasaini mwenyewe. Karatasi zina jina langu. Hilo nililitaka kabla ya funguo.

Baba Riziki alinifundisha kuendesha kwenye barabara ya Fizi. Mikono haijasahau. Kwenye lami nilikanyaga mafuta, mara moja tu, nikapiga kelele peke yangu humo ndani kama mtoto kwenye bembea.

Lami ilipoisha, aibu ikaanza. Kutoka tumbo la gari hadi chini ni shibiri moja kasoro vidole viwili. Nimepima. Lilikwaruza mahali tisa kabla sijafika nyumbani, Rubondo.

Riziki aliuliza ni la nani. Nikasema langu. Akauliza tena.

Jumapili, 16 Juni

Kwetu kitu kipya hakikai bila kunyunyizwa. Ukivaa viatu vipya watakudai kinywaji, sembuse gari. Kanisani kwetu pombe hatunywi, kwa hiyo kreti tatu za soda. Pasta Yakobo akatoka nje na watu wote, wakalizunguka gari, wakaweka mikono juu ya bati. Aliomba kwa muda mrefu. "Bwana, tunaweka hii gari mu mikono yako, ikuwe ya kazi yako." Nikaitika Amina. Nadhani kwa sauti kuliko wote.

Nilikuwa na furaha. Sijui niandike nini zaidi.

Alhamisi, 20 Juni

Jana nilimpeleka mama mwenye uchungu kituo cha afya. Hilo sina neno. Mgonjwa ni mgonjwa. Amejifungua salama.

Lakini leo shemasi wa kwaya anataka nibebe spika. Mzee mmoja anataka kupelekwa kumsalimia shemeji yake, ng'ambo kule, na arudishwe. Mwingine hakuomba. Alifungua mlango, akaketi, akasema twende. Na wote wanasema "gari yetu". Mimi mwenyewe tangu Jumapili sijaliendesha kwa haja yangu hata mara moja. Nimechoka. Nimewanyima wawili, na nimejisikia vibaya, na kisha nimejisikia vibaya kwa kujisikia vibaya.

Jumanne, 2 Julai

Pasta alikuja nyumbani na yule shemasi. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu mpwa wa Pasta anaoa. Wanataka gari la bibi arusi. Niliwaeleza viti: akiingia bibi arusi na gauni lake, limejaa. Bwana arusi atakaa wapi? Na marene, yule mama anayemsimamia bibi arusi, tumweke juu ya bati? Shemasi akasema, "Mama, tutafinyana tu. Harusi si kufinyana?"

Nikasema hapana. Kwa heshima, lakini hapana.

Pasta hakukasirika. Hicho ndicho kilichonitisha. Alisema taratibu, "Mama Riziki, ile gari ilishatolewa. Na wee mwenyewe uliitika Amina."

Sikula.

Jumapili, 7 Julai

Mahubiri: Anania na Safira. Waliouza shamba wakaficha sehemu ya bei, wakaanguka wakafa. Hakunitaja. Hakuwa na haja ya kunitaja, shingo zilikuwa zinageuka zenyewe.

Mimi sikuuza shamba. Nilinunua gari kwa unga, debe kwa debe. Nilipofika hapa ukimbizini nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria moja, na hakuna mtu aliyeiwekea ile sufuria mikono akaiombea.

Hivyo ndivyo nilivyosema njiani, peke yangu, nimekasirika. Sasa nimekaa na hasira imekwisha, na kilichobaki ni woga. Pasta simwogopi. Naogopa ile Amina. Mimi nahesabu kila debe linaloingia na linalotoka, neno lile moja nikaliachia hivihivi, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Je, nilitoa? Mtu anaweza kutoa kitu bila kujua?

Ijumaa, 12 Julai

Gari halipo.

Nilikuwa kwenye mashine. Shemasi akaenda nyumbani, akamwambia Riziki kwamba nimekubali. Riziki akampa ufunguo. Jioni akanisimulia, anakatakata mboga, hana habari: "Amesema wanaazima siku mbili tu."

Nilikaa chini kwenye magunia. Alidhani nimeugua.

Sijawahi kumwambia maneno ya wale askari. Anajua baba yake alikufa vitani, basi. Alikuwa na miaka miwili. Maneno ni yaleyale. Hata "tu".

Jumamosi, 13 Julai

Sikwenda harusini. Nilisikia honi, nikaijua. Jirani yangu Mama Neema alirudi na habari hata kabla sijauliza. "Wee! Walikuwa batano mule ndani. Bibi arusi alikalia marene, marene alikalia keki. Na chini ikalia krrr, ukasema imekufa." Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, kidogo, kwa sababu ya keki.

Jumapili, 14 Julai

Siku mbili zimekwisha. Halijarudi. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ni siku ya tatu.

Tangu asubuhi nakosea kazi. Nimesaga mahindi ya mtu mara mbili na mengine nimeyaacha chenga. Riziki akasema, "Mama, acha niende mimi kuuliza. Nilitoa ufunguo mimi." Nilimfokea hadi akalia. Sijawahi kumfokea hivyo. Basi ikabidi nimwambie. Pikapu, siku mbili, siku ya tatu, shati alilovaa baba yake akitoka. Nilimweleza nimesimama, mashine inanguruma, ili nisisikie sauti yangu vizuri. Alizima mashine.

Saa tisa nimefunga mlango. Nimevaa viatu vya kanisani. Nimemwambia giza likiingia sijarudi asinifuate, aende Kakiika kwa Mama Kato. Anasema naongea kama mwenda wazimu, Pasta Yakobo ni Pasta Yakobo. Ni kweli. Najua ni kweli.

Naenda.

Jumanne, 16 Julai

Nilienda kuuliza gari. Nilirudi.

Liko uani kwa Pasta chini ya turubai, na riboni zake bado. Bomba la moshi linaning'inia. Mke wake alinipa chai na mkate, akaniuliza kama naumwa, nikasema homa. Ilikuwa nyumba ya watu, kuku wanapita. Njia nzima nilikuwa nakwenda mahali pengine.

Pasta alisema gari likae kwake ili liwe tayari kwa kazi ya Bwana, na siku za katikati nikilihitaji nije niombe. Niombe gari langu. Nikamwambia wagonjwa nitabeba hadi nife, hilo halina mjadala, na aje kuniamsha saa yoyote. Ila nina swali moja. Akasema tuanze na maombi. Nikasema, "Hapana, Pasta, leo tusiombe. Unijibu." Nikamuuliza. Akamwita mke wake aongeze chai.

Ufunguo wa pili ulikuwa kifuani mwangu muda wote. Ningefunga bomba kwa waya, nikaondoka nalo. Sikutaka kuliiba gari langu mwenyewe.

Giza lilikuwa linaingia nilipokaribia nyumbani. Riziki alikuwa njiani na tochi. Hakuwa ameenda Kakiika.

Leo nimesaga kama kawaida. Mkanda mpya unashika. Riziki ameniletea uji kwenye mashine, jambo asilofanya, akakaa hadi nikamaliza kikombe.

Pasta nimempa hadi Jumapili, saa tatu asubuhi, kabla kwaya haijasimama. Nitakuwa kwenye benchi la mbele. Walioweka mikono juu ya lile bati watakuwepo wote. Ageuke atutazame, aseme: siku ile aliliombea gari langu, au alilichukua? Asiniletee Anania. Neno moja. Saa tatu.