Kombe la Mke Wangu na Umeme wa Dada

Baleni, Jumapili

Jirani yangu, msindikizaji wetu wa kesho,

Wengi hukosea wakidhani umeme wa hospitali huunguza ubongo. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, umeme kidogo hupitishwa kichwani, na sonona nzito huweza kulegea.

Sonona ya dada Mwanaisha imemwaminisha kwamba amekwisha kufa. Leo kasukuma tena uji. "Maiti hali, kaka."

"Maiti hanuni pia, mdogo wangu."

Akatabasamu! Lakini amekonda mno, na tukichelewa...

Kesho tunavuka kwenda hospitali ya bara kwa tiba hiyo ya umeme. Kabla ya dawa ya usingizi hatakiwi kunywa chochote, la sivyo wataahirisha. Nimemweleza mke wangu mara nyingi. Bado kapakia chupa ya kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, amnyweshe alfajiri kwa siri.

Kombe ni jema, baada ya matibabu.

Mke wangu mwenyewe anasali isha. Itoe chupa kikapuni sasa, uifiche ndani ya begi lako.