Jembe ya Ruben Ingali Inalala

Kazi Moya (Jumatatu), 20 mwezi wa kumi 2025

Formasyo imeanza, ku sale ya parokia, Hewa Bora. Banatufundisha shiye bamonitere ba mashamba sheria ya udongo, tuende tufundishe balimaji. Miye! Masomo sikuingia hata siku moya. Herufi nilijifunza kwa bamama ba parokia, wakati bajukuu bangu beko tayari na meno. Lakini kikundi yetu ya Luano ilinichagua — juu ya maharagi yangu, inaotaka muzuri, na kinywa yangu hailalake.

Franck, agronome, fundi wa kilimo, ananiuliza: Nkambo (njo vile banaitaka shiye banamuke bazee), unakuya kutafuta diplome ao bwana? Nikamujibu: bwana nilikuwa naye, alikuwa anakoroma. Leta diplome! Bote bakacheka, hata avoka Edith mwenye kutufundisha sheria. Mutoto muzuri, lakini mwembamba sana. Kesho nitamuletea kalanga.

Kazi Tatu, 22

Edith amesema: shamba yenye haione jembe, bantu ba serikali bakifika kuulizauliza, banaweza kusema ile udongo haina mwenyewe. Kisha banaipa mwengine.

Yesu! Na shamba ya Ruben?

Mutoto wangu Ruben alikufa mwaka jana, kabla ya mvula kuanza. Piki-piki, ku barabara ya Kasomeno. Kwetu mu jamaa, mulimaji akikufa, jembe yake inalala. Shamba pia inalala, hakuna mwenye kuigusa. Ni mukubwa wa jamaa ya baba tu njo anakuyaka kuiamsha: anapiga udongo wa kwanza, anamwanga bunga, tunalia mara ya mwisho, tunalima. Mukubwa njo mulamu wangu Anaclet, ndugu ya bwana yangu marehemu. Hakuya. Musimu muzima ya mvula tuliangalia majani inapanda. Shiye tunasema: ni heshima. Ku macho ya serikali — ni pori!

Kazi Ine, 23

Mujinga, jirani wa shamba, amepiga simu. Kuko bwana mumoya wa mujini anaomba ile udongo, anapenda kujenga depo, nyumba ya kuwekea bintu. Anaonyesha kidole pale pa Ruben: apa hapana muntu. Bantu ba serikali ba kuuliza batafika Kazi Mbili.

Falonne, mujane wa Ruben, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mwichi. Hakulia. Aliniuliza tu: Mama, batoto batakula wapi?

Nikapigia Anaclet kule Kasomeno. Anasema: Falonne akubali kwanza kuolewa na mutoto yangu, kisha nitaamsha shamba. Nikamuambia: mutoto yako hata kamba ya kiatu hajue kufunga, utamupa mujane na batoto? Simu ikakatika. Sijue ni reseau ya simu ao ni yeye amekata.

Ni yeye.

Siku ya Posho, 25

Leo zamu yangu ya kufundisha, Luano, Edith eko anaangalia. Nikasimama mbele ya balimaji. Nikasema: musiache udongo ikae kimya. Mulime hata mistari ya maharagi. Mupande miti ku mupaka. Muntu akikuya kuuliza, mukuye bote, museme mbele yake. Na usitie kidole yako ku karatasi yenye habakukusomea! Ndege ikapita juu ya vichwa, bote tukangoya inyamaze. Njo Mujinga anasema: na ya Ruben, Nkambo?

Nikajibu: ya Ruben iko mu kilio. Mujinga: sheria inajua kilio?

Nikamuangalia Edith. Akaangalia viatu yake. Kisha akasema polepole: mukieleza kama shamba inalala juu ya kifo, inaweza kusaidia. Lakini muonyeshe pia kazi. Na mukubwa wa jamaa akuwe pale, aseme. Nikamuuliza: kinywa yangu haitoshe? Anasema: ku sheria, Nkambo, inatosha. Ku shamba, bale bantu banasikilizaka kwanza mwanaume mukubwa.

Alisema kweli. Nilimupa kalanga hata vile. Lakini nilimupa na kasirani.

Siku ya Yenga, 26

Nimesali. Hapana — nimemufokea Mungu.

Simu ya Anaclet imefungwa. Nimemutumia sauti ku WhatsApp: mulamu, ulimi yangu ilikukosea, sikatae. Lakini Ruben alikuwa anakuita baba. Kuya.

Hajasikiliza.

Kazi Moya, 27

Falonne ameshusha jembe ya Ruben kule tuliifunga na kitambaa nyeusi. Anasema: nitapiga miye. Nikamunyanganya! Unapenda baseme ulimula bwana yako na uchawi? Mujane akipiga jembe wa kwanza, njo vile banasemaka, mpaka ataingia ku kaburi. Anauliza: basi nani, Mama? Nani?

Nikamufokea. Nikamukumbatia. Nikamupa bukari, ugali ya moto. Muntu mwenye njaa hajue kuogopa vizuri.

Kazi Mbili, 28

Naandika ku shamba, nimeikala pa kichuguu.

Asubuhi balimaji ba kikundi balifika bote, na majembe. Bakasimama ku mupaka. Hakuna mwenye kuingia. Nilibafundisha vizuri, balikuya — lakini muguu haipite! Hata Mujinga. Ananiambia: Nkambo, tunapenda, lakini Ruben anatuona.

Basi nikafungua kitambaa. Nikasema kwa nguvu: Ruben, ni mama yako. Laana kama iko, ikuye kwangu, iache bibi yako na batoto. Nikapiga. Udongo nguvu sawa jiwe, mvula haijafika. Nikapiga tena. Nalia, napiga. Falonne anaziba macho.

Kisha motokari. Ule muntu wa serikali wa kuuliza anashuka, na bwana wa depo nyuma yake, viatu inang'aa. Ule wa serikali anauliza: nani analima apa? Miye. Tangu lini? Ningedanganya namna gani, majani iko mpaka ku kiuno? Tangu leo, nikasema. Bwana wa depo akacheka. Nikaeleza kilio, nikaeleza Ruben, nikaeleza yote Edith alitufundisha. Ule wa serikali anauliza: mukubwa wa jamaa eko wapi?

Nikaikala apa, nikaanza kuandika.

Njo piki-piki imefika. Anaclet! Vumbi mpaka ku nyusi. Njo kusema alisikiliza sauti yangu. Anaona kitambaa nyeusi chini. Anaona jembe ku magoti yangu. Anaona udongo wazi. Hanisalimie.

Ule wa kuuliza anamuambia: Papa, hii shamba ni ya nani?

Anaclet ametoa kofia. Ameingia mpaka pale nilipiga. Ameinama, ameokota udongo, anaifinya mu mukono. Mujinga ananipiga kiwiko: Nkambo, acha kuandika! Siweze. Nikiacha nitapiga kelele. Falonne anashika kitenge yangu, anaivuta sawa mutoto.

Sasa Anaclet anakuya kwangu. Ananyoosha mukono. Anapenda jembe. Hajasema kama ni ya kuamsha shamba ao ya kuifunga tena na kitambaa nyeusi.