Kitenge cha Kulimia

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila salamu nitakuwa nimekuudhi kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, na leo nina kosa la kukuambia.

Kwanza habari za huku. Cherehani yako nimeihamishia kwangu mjini, Levolosi, karibu na dirisha. Inakata uzi vilevile ilivyokuwa inakukatia wewe, na mimi naitukana vilevile, ila sasa hakuna wa kuniambia nifunge mdomo. Kazi zipo. Jinzi kuukuu zinaletwa kwa magunia, naendelea kushona mifuko ya sokoni na vishika sufuria, na wiki iliyopita nilimaliza blanketi la viraka la mtoto mchanga kutoka kwenye mashati ya babu yake. Mama Jayesh wa duka la vitambaa bado ananiwekea vipande vinavyobaki akikata mapazia. Kila nikienda anauliza mama hajambo, kwa mazoea tu, halafu anajishika mdomo. Simlaumu. Juzi mimi mwenyewe nimelitafuta jina lako kwenye simu nikuulize kama mkanda wa suruali unafaa kuwa mkono wa mfuko.

Sasa kosa. Nimekukosea wewe, na nimemkosea mama mdogo Ndeshi.

Baada ya mazishi, kabla ya siku ya kugawana nguo zako, nilifungua sanduku lako pale Nkoaranga. Nguo za heshima, gauni la kanisani, koti, na vile vitenge vipya ulivyovitunza mpaka vikapitwa na wakati, niliviacha visubiri ndugu. Nilichukua chakavu tu. Humo kulikuwa na kile kitenge cha kulimia, cha kahawia chenye ndege, kimepauka kwa jua na pindo lake limeliwa na miiba. Nani angekitaka? Nilikitazama kwa jicho la fundi, na jicho hilo ulinipa wewe. Unakumbuka aproni yangu ya kwanza, niliyoikata kwenye suruali ya baba nikasahau zipu katikati ya kifua? Uliivaa hivyohivyo mbele ya wageni, na kila aliyecheka ulimwambia, "Mtoto wangu hatupi kitu." Nilikua nikiamini hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Basi kitenge kile nikakishona vipochi sita. Nikavitia bitana na vifungo kutoka kwenye kopo lako. Vitano niliwapa wanawake waliotupikia msibani, na cha sita nikampa Mama Jayesh, aliyepanda vile vijia vya mlimani na viatu vyake vya dukani ili aje kukuzika. Walifurahi mpaka wengine wakatokwa na machozi. Nami, Mungu anisamehe, nikajiona mtu wa maana.

Siku ya kugawana ikafika. Mama mdogo aliambiwa aanze kuchagua, kwa kuwa ndiye aliyekuuguza. Wakampa koti, akatikisa kichwa. Wakampa gauni la kanisani, akalisukuma taratibu. Kisha akauliza, "Kile kitenge cha kulimia kiko wapi?"

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema nimeshakikata. Alinyanyuka akaenda zake kwake, mdogo wako wa tumbo moja, mikono mitupu, na watu wa mbali wakabaki wanapokezana nguo zako.

Tangu hapo shikamoo yangu ilipokelewa kwa marahaba kavu. Nikimpigia simu alikuwa anasema mtandao unasumbua. Mtandao gani, na ni yeye ambaye tukianza kuongea maharage yalikuwa yanaungua pande zote mbili?

Ulinilea nikijua kwamba zawadi haidaiwi. Mimi nilikwenda kuzidai, nyumba kwa nyumba, uso nimeuweka mfukoni. Mwenzako wa kwaya, yule mwenye sauti nzito, alikuwa ametia miwani yake ndani ya kipochi. Aliniambia kama ningekuwa mtoto wake angenichapa, kisha akanirudishia. Mama Jayesh alimwaga funguo na peremende zake juu ya meza ya kukatia, akakikung'uta, akanipa kwa mikono miwili. Vyote sita nilivipata.

Nilifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Nikavipiga pasi vile vipande, nikaviunganisha upya. Unajua mshono unavyokula kitambaa. Kilirudi kifupi, ndege wengine hawana vichwa, na palipopungua nilitia kitambaa cha mfuko wa unga. Lakini kilikuwa kitenge tena, mtu anaweza kujifunga. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu ule, hata gauni langu la harusi halikupata bahati hiyo.

Jumamosi nikapanda nacho. Mama mdogo alikuwa barazani anamenya ndizi. Nilipiga magoti nikamwekea mapajani. Akafuta mikono, akakifunua, akapitisha vidole kwenye mishono yote. Kisha akakipeleka usoni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani analia. Alipokishusha, macho yake yalikuwa makavu.

"Umekifua," akasema.

Nimekifua, ndiyo. Katika kazi yetu nguo kuukuu inafuliwa kabla mkasi haujaigusa, inalowekwa, inasuuzwa mara tatu, inaanikwa juani. Nilikifua kabla ya kukikata, na baada ya kukiunganisha nikakifua tena, ili kimfikie kikiwa safi.

"Kazi nzuri, mwanangu. Asante." Akakikunja, akakiweka kwenye kiti, akarudi kwenye ndizi zake. Alinisamehe palepale, niliona, na hilo ndilo lililoniuma. Alinishukuru kama anavyomshukuru fundi yeyote.

Nilichukua kisu nikamenya naye. Akaanza kusimulia bila kuulizwa. Kwamba wiki zile za mwisho mlilala kitanda kimoja kama mlivyolala utotoni, kwa sababu ulikuwa unasikia baridi, na kwamba uligoma kujifunika kitu kingine juu ya blanketi ila kitenge kile. Kwamba siku ya msiba wanawake walifua kila shuka na kila foronya, kwa nia njema kabisa, kikapona kitenge tu kwa kuwa kilikuwa sandukuni. Kwamba siku hizi usingizi hauji.

"Nimeanza kusahau alivyokuwa ananukia," akasema, akitazama kisu.

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa mwongo, Mama, kwa sababu ninalo sweta lako.

Lile la kijani ulilovaa siku niliyokupeleka hospitali. Wauguzi walikuvua wakanikabidhi mimi, na siku ya kugawana sikulitoa. Nimeliweka kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya meza ya cherehani. Nikizidiwa nafungua, naingiza uso, nafunika haraka. Kuna moshi wa kuni za miti ya kahawa, mafuta ya mgando, na kitu kingine ambacho siwezi kukitaja, ni wewe tu. Kila nikifungua kinapungua. Kwa hiyo nimekuwa bahili nacho, nimejiwekea siku.

Nilirudi mjini nikijiambia hilo ni haki yangu, mimi ndiye mwanao wa pekee. Siku tatu nimejitetea kwako huku nashona, na kila hoja naiona imetoboka. Niliwaachia ndugu nguo nzuri nikajiona mkarimu, kumbe wewe ulikuwa kwenye zile chakavu, na zote nilizibeba mimi. Nyingine nilizimaliza kwa sabuni. Hili moja nimelificha. Nina aibu, na nakukumbuka mno, na sijui kipi kinauma zaidi.

Leo asubuhi nimefungua ndoo. Sikuharakisha kufunika. Kiwiko cha kushoto kimetoboka, na mkono ulikuwa umeshachukua sindano kabla sijauzuia. Nikairudisha sindano. Kesho nalipeleka Nkoaranga na tundu lake na vumbi lake, nimwekee mama mdogo kitandani, upande uliokuwa unalala wewe.

Pumzika, Mama. Ukinisikia nalia huku cherehani inakwenda, usijali, nitamaliza kazi ya watu. Nakuahidi sitaliziba lile tundu, sitalifua lile sweta, na nikienda kumsalimia mama mdogo sitaomba kulinusa.

Mwanao,
Ndeninsia