Jikoni Kumekwisha, Baba Salma

Baba Salma,

Dua za watu zimekufikia kabla ya barua hii, na zote nzuri. Mie nakuletea habari za nyumba.

Jikoni kumekwisha. Dari ipo, ukuta wa dirishani umepigwa plasta, na vigae vimekaa sawa isipokuwa vitatu nyuma ya friji, ambavyo sitaki uvitazame. Nimefanya mwenyewe. Cheka ukitaka.

Nilikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, sijipambi, nakaa katika nyumba uliyoiacha nusu imebomolewa. Siku ya hitima Salma alikuja kutoka kwake Kingstanding, akatazama mbao za dari zilivyo wazi, akasema, "Mama, this is not a house, ni building site. Come and live with us." Akataka tuiuze kama ilivyo. Nikamwambia mwenye eda hahami nyumba ya mumewe. Hapo dini ilinipa nafasi, nami sikuiachia.

Nguo za eda hazina urembo, basi zikafaa kwa kazi. Nikachukua mwiko wako. Plasta ya kwanza ilianguka yote kabla haijakauka. Nikalia, nikazoa, nikachanganya nyingine. Bi Zuhura wa Balsall Heath alikuwa akija na wenzake kila Alhamisi kukaa nami. Nikawagawia msasa. "Mwenye eda na ufundi wapi na wapi, wee Mwanaidi?" akasema, huku anasugua mlango. Milango yote ya chini wameisugua wao, wakisoma dua na kusengenya kwa zamu.

Lakini sikushika mwiko kwa ajili ya Salma tu, na wewe unajua. Miaka sita tuliishi hapa Hodge Hill huku jikoni hakuna dari, maana kila ulipopata likizo uliweka vifaa pembeni ukanipeleka Scotland, tukatembee ukingoni mwa bahari kwenye upepo na matope. "Nyumba haikimbii," ulikuwa ukisema. Mara hii nilichoka. Nikakwambia siendi, na wewe huendi, mpaka nipike chini ya dari. Nilisema kwa ukali, mbele ya mgeni. Ulivua viatu vya kutembelea ukavaa vya kazi. Siku ya tatu ukaanguka pale karibu na sinki, na hospitali ulifika umekata kauli. Nilikushika mkono kutwa nzima nakuomba radhi, na sijui kama ulinisikia. Tangu siku ile sijalala vizuri, Baba Salma. Naogopa uliondoka hujaniwia radhi.

Eda ilipokwisha nilimwomba Salma anipeleke Fife, kule kule Scotland. Nyumba ya wageni ni ile ile, na mwenye nyumba alikuulizia. Salma ndiye aliyemwambia kwamba umetutoka. Asubuhi tulishika njia ya pwani, yeye mbele, mie nyuma na dawa yangu ya pumu mfukoni, tukafika kwenye lile geti la mbao tulipokuwa tukigeukia kila mwaka. Hapo ndipo goti lako lilipokuwa likianza kuuma. "Goti limenishika, Mama Salma, turudi." Nami njia nzima ya kurudi nakucheka kwamba umezeeka kabla yangu.

Nilisimama pale nahema. Salma akanitazama, akasema, "Let's turn back, Mama. Nimechoka anyway."

Hakuwa amechoka hata kidogo. Ana miaka ishirini na tisa, na uso wake ulikuwa uso wako. Ndipo nikaiona sebule yetu, namna ulivyotandika sakafu ile ubao kwa ubao, umepiga magoti wiki mbili, na hata mara moja hukusema goti linauma. Goti lilikuwa zima. Kilichokuwa kimechoka ni kifua changu, na hukutaka nione haya.

Nililia pale getini, mtoto akanishika. Kisha tukapumzika, nikavuta dawa, tukavuka. Upande wa pili njia inateremka mpaka kwenye mchanga mweupe, na hakuna mtu. Ungepapenda sana. Miaka sita ulikuwa ukipatamani, na hukusema neno.

Basi nisikilize. Uongo wa goti nimekusamehe, wa miaka yote. Nawe nisamehe maneno yangu ya siku ile. Mie nilikusema mbele ya mgeni, na wewe ulinisitiri hata mbele ya nafsi yangu. Mtu wa namna hiyo siamini kwamba aliondoka na kinyongo. Naanza kulala.

Nyumba siuzi, na Salma amekubali. Kwaheri, mume wangu, Mungu akupe mapumziko. Kila mwaka nitakwenda kulivuka lile geti kwa niaba yako, polepole, na nikichoka nitasema mwenyewe kwamba nimechoka.

Mkeo,
Mwanaidi