Usiunyweshe

Mama, wewe uliyelala Butihinda,

Nakuandikia kutoka hapa Gitega, uani kwangu, nikiutazama mgunga wako. Umebaki mmoja. Ile miche miwili ya karibu na jiko imeoza shina, na aliyeiozesha ni mimi. Tangu tulipokuzika nilikuwa naimwagilia asubuhi na jioni. Kiangazi kimekuwa kikali, nikajiapiza kwamba miti ya Mama haitakufa kwa kiu mikononi mwangu.

Nakumbuka ulivyozileta mbegu kutoka Muyinga ulipokuja kuugulia kwangu, umezifunga kwenye pindo la kitenge. Ulizimwagia maji ya moto, ukaziacha humo mpaka zikavimba. "Mbegu hii ina kiburi," ulisema, "haiamki mpaka ichomwe." Kisha ukachagua pale penye changarawe, ambapo hata mihogo imenishinda. Nikakuuliza, "Mama, hii mti iko inapenda mawe?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Wewe ulikulia ukimbizini Tanzania, Kiswahili chako kimenyooka. Sisi chetu tumekiokota sokoni Muyinga, na kwetu kila kitu ni iko. "Huu mti, mwanangu. Huu, unapenda. Nao una heshima yake."

Mwezi uliopita jirani yangu Mama Furaha, yule Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge, alinikuta na ndoo. Akagonganisha viganja. "We, unaiua! Iyi miti haikunywaka mayi. Mama yako hakukuambiaka?"

Nikaiweka ndoo chini. Uliniambia, Mama. Au ulijaribu.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nimekwenda farmasi. Dada yangu Konsolata ndiye aliyekaa nawe, kikombe mkononi. Homa ilikuwa imepanda, Kirundi kimekutoka, kimebaki Kiswahili cha utotoni. Dada anasema uligeukia dirishani ukamwambia, "Usininyweshe," ukarudia. Akakitua kikombe, akakutii. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda, na midomo yako ilikuwa imepasuka.

Dirisha la chumba kile linatazama migunga. Usiunyweshe. Ulikuwa unasema, usiunyweshe mti. Dada hana hiyo "u" mdomoni mwake. Yeye angesema usiinyweshe, kama nilivyosema mimi kabla hujanifundisha. Sikio lake lilishika lile neno linalolijua. Ee Mama.

Tangu nilipolielewa hilo hutulii. Mchana nikijinyoosha kidogo nasikia kifuniko cha mtungi kikifunguliwa. Natoka, hakuna mtu, kifuniko kiko mahali pake. Jana nilikuta kikombe mezani na sikumbuki kukitoa kabatini. Sikuogopi wewe. Naogopa kwamba una kiu.

Na siku ya kuganduka inakaribia, ya kuondoa matanga. Dada atasimama mbele ya ukoo aseme kama alivyozoea: "Mama alikataa mayi yeye mwenyewe. Alikuwa tayari." Akishasema hivyo uso wake unalegea, anakula, analala. Ni neno hilo tu linalomshikilia. Nami nitakuwa nimekaa ubavuni pake, nimelishika langu. Labda nimekosea. Labda kweli ulikataa maji. Ungenijibu tu, Mama, ningepona. Lakini hujibu, unafungua mtungi.

Basi nimekata shauri. Dada sitamwambia, hata akiniuliza ana kwa ana. Akibeba hili litamvunja, na mwana mmoja wa kulibeba anatosha. Mgunga uliobaki umechipua tangu niuache na ukame wake. Miiba yake midogo imeanza kukomaa, na mbuzi wa jirani ameshaijua.

Pumzika, mama yangu. Nitakuja Butihinda kabla ndugu hawajafika, peke yangu, na maji ya mtungini. Mgunga sitaunywesha tena. Wewe nitakunywesha, mpaka udongo ukatae.

Mwanao,
Speransia