Leo Nameza Mimi, Kesho Anameza Yeye

Mama Benigna, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada maana kichwa changu kimevurugika na wa kumwuliza hapa nyumbani sina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nakaa Majengo na mume wangu Pankrasi, tuna shamba letu la mahindi, jina langu liandike tu, akina Walburga tupo wengi Songea hii. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya presha kama kawaida, wakanitoa damu, wakapima na mkojo, halafu daktari akasema mama, figo zako zimeanza kuchoka, zinafanya kazi kama nusu tu, nikamwambia zimechokaje na mimi haja ndogo napata vizuri, kiuno hakiniumi, na juzi nimepalilia tangu asubuhi mpaka jua la utosi? Akasema ndivyo zilivyo, haziumi. Sasa mama, kitu gani kinaharibika mwilini mwa mtu na mwenyewe hana habari?

Akaniuliza dawa ya presha unameza kila siku, nikasema ndiyo, na hapo ndipo roho inaponisuta, maana si kweli. Miaka minne iliyopita wauguzi walikuja parokiani kutupima baada ya misa, presha yangu ikaonekana ipo juu na ya Pankrasi nayo ipo juu, mimi nikaanza kliniki, yeye akasema foleni za hospitali ni za wanawake, na kwa kuwa tunakula chungu kimoja basi na presha yetu ni moja, tugawane. Tukagawana, leo nameza mimi, kesho anameza yeye, Jumapili tunapumzika wote. Mama, nilijivuna! Wenzangu wa jumuiya waume zao hawajui hata dawa inakaa wapi, wangu ananikumbusha, "Walburga, leo zamu yako."

Sasa daktari kaona presha haishuki, kaniongezea dawa ya pili, nimeiweka kabatini naiogopa. Nikimeza zote mimi, mwenzangu anabaki na nini? Nikimwambia daktari ukweli, si nitaonekana mwongo, mtu mzima mimi? Wifi yangu wa Lusewa kaleta mizizi ya kusafisha figo, jirani anasema ninywe ndoo ya maji kwa siku, na yule wa duka la dawa anayeniuzia diklofenaki ya mgongo kila jioni msimu wa kupalilia anasema labda mashine imekosea. Nimsikilize nani? Pankrasi ananicheka tu, anasema figo gani na tunakula vizuri, yeye mwenyewe kanenepa mpaka viatu vya Jumapili havimwingii, anakuja kanisani na kandambili, wanakwaya wanamtania. Nisaidie mama, nimechanganyikiwa.

Walburga, Majengo

Marahaba, Walburga. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Mashine haikukosea. Figo zinachuja damu, na presha ikikaa juu miaka inaharibu vile vichujio kidogo kidogo. Vilivyobaki vinafanya kazi ya wenzao, ndiyo maana mkojo unatoka na kiuno kimetulia. Ukisubiri maumivu utachelewa, kwa hiyo tunapima damu na mkojo. Sukari nayo huziharibu vivyo hivyo, uliza kama ulipimwa. Kilichoharibika huwa hakirudi, lakini hiyo nusu ukiitunza inaweza kukubeba miaka mingi.

Sasa ugomvi wetu. Mligawana nini nyinyi? Kidonge kile ni cha mtu mmoja kwa siku moja. Mlipokigawa hakuna aliyetibiwa hata mmoja. Sijasema hampendani, jamani, lakini dawa haijui upendo. Na kumdanganya daktari! Kaongeza dawa akiamini ile ya kwanza imeshindwa, kumbe hukuipa nafasi. Ukianza ghafla kumeza zote kila siku, presha inaweza kushuka kupita kiasi ukaanguka shambani. Kesho asubuhi beba vidonge vyote, umwambie, "Daktari, nilikudanganya, tulikuwa tunagawana." Atakunja uso dakika moja, kisha atakupangia upya. Hutakuwa wa kwanza.

Diklofenaki acha leo hii, kwa mtu wa presha mwenye figo zilizochoka hiyo ni kuziua, na mgongo daktari akutafutie dawa nyingine. Wifi mshukuru, mizizi usiinywe. Ndoo ya maji haioshi figo, kunywa kwa kiu yako mpaka daktari akupe kipimo. Chumvi ipunguze chunguni, si mezani tu.

Halafu kuna jambo umeliandika kama kichekesho, mimi sikucheka. Mwanaume ana presha, miaka minne hajakanyaga kliniki, na miguu haiingii kwenye viatu. Nani kakwambia huko ni kunenepa? Mbonyeze mguuni kwa dole gumba uone kama shimo linabaki, likibaki huo ni uvimbe wa maji, si unene. Libaki lisibaki, akapimwe. Sijui ana nini na wewe hujui, lakini umeniandikia kuhusu mgonjwa mmoja na mimi nimewasoma wawili.

Atakwambia foleni ni ya wanawake. Mwambie kesho ni zamu yenu wote wawili, mtangulize mbele, na kama viatu havimwingii, aende na kandambili zake hizo hizo.

Mama Benigna