Wimbo wa Kutwanga Ulivyovuka Bwawa

Wifi yangu Zuhura,

Nimechoka, wifi. Nimetoka palizi ya shamba la kijiji, nimempikia kaka yako, nimemnyonyesha mdogo. Tatu wetu nimembeba mgongoni kwenda shule na kurudi. Miguu yake ni ile ile, haisimami, ila mwenyewe anakua. Amekuwa mzito. Nimekaa sasa, na huu mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima, nikuambie lile jambo uliloliacha njiani.

Tulivuka.

Bwawa la shamba la mkonge, sisi wanawake wale wale uliotufundisha kuogelea. Homa ilipokuchukua nilisema basi, baiskeli ya magurudumu matatu ya Tatu na wenzake wasiojiweza imezikwa nawe. Maana mwenyekiti wa kijiji aliahidi kwa kutucheka: "Mkivuka, ghala litatoa mahindi apewe fundi wa baiskeli wa Mikumi. Lakini nyinyi ni watu wa kuchota maji, si wa kuyavuka!" Nawe ukamjibu, "Andaa magunia, mwenyekiti." Kicheko chako kile bado nakisikia.

Kanga unazijua, zikilowa zinavuta chini kama mtu kakushika miguu. Tukafanya ulivyotaka: tukazifunga kichwani zikae kavu, tukaingia na magagulo tu. Wanaume wakaambiwa waligeuzie bwawa kisogo, watazame mkonge. Wakageuka wote, na mwenyekiti pia. Hakuna aliyefikiri shahidi atakuwa nani!

Wimbo wa kutwanga, ule uliotupimia nao pumzi, ilibidi niuanzishe mimi. Wifi, sina sauti yako. Katikati mikono ikaishiwa nguvu, nikanyamaza, na wenzangu wakanyamaza. Nikalala chali kama ulivyonifundisha. Nikahisi kiganja chako mgongoni. Sisemi ulikuwepo. Nasema nilihisi.

Ndipo Tatu, ameketi chini kati ya wanaume, akapiga kelele: "Mama, imba! Siwasikii!"

Nikaimba. Vibaya, maji yakiingia mdomoni, lakini nikaimba, wenzangu wakapokea, mpaka matope ya ng'ambo yakatugusa magoti.

Tuliporudi kwa kuzunguka ukingoni, tumeshajifunga kanga zetu, mwenyekiti akasema mahindi hatoi, yeye hakuona kitu. Bibi Mwasiti akamuuliza, "Na masikio nayo uliyageuza, baba?" Watu wakaangua kicheko. Kisha kaka yako, yule asiyefungua mdomo mkutanoni, akasimama. "Wimbo umeanzia hapa nyuma yangu, ukaishia ng'ambo. Sote tumesikia. Mahindi yatoke."

Yakatoka, wifi.

Magunia yalikwenda Mikumi na lori. Fundi anasema vyuma amepata, mipira ya magurudumu bado. Kila lori likisimama hapa nauliza. Bado. Kwa hiyo kesho namfunga Tatu tena mgongoni, twende shule. Kiuno kinauma, lakini siku hizi nambeba huku nasikiliza barabara.

Haya, pumzika. Mimi bado kidogo. Baiskeli ikifika, Tatu ataizungusha kwa mikono yake mwenyewe mpaka kaburini kwako, kabla hajamwonyesha mtu mwingine. Na mvua zikipungua nitamwingiza bwawani. Nitamlaza chali, nimwekee kiganja mgongoni, nimwimbie, halafu nikitoe taratibu asijue, kama ulivyonifanyia mimi.

Wifi yako anayekukumbuka,
Mama Tatu